Kombe la Dunia 2026: Usisajili straika ukasahau kipa

JUNI 11 mwaka huu, saa 4:00 usiku kwa saa za Tanzania, mpira utawekwa katikati ya Uwanja wa Azteca, Mexico City. Wenyeji Mexico dhidi ya Afrika Kusini, mechi ya ufunguzi wa fainali za Kombe la Dunia 2026.

Sasa piga picha. Sebule imejaa. Shemeji kaja, majirani wawili wamejipenyeza, watoto wamegoma kulala. Ukutani kuna TV mpya ya inchi 55, bado ina stika za dukani. Bafana Bafana wanapokonya mpira katikati, wanaanza kupanda. Ghafla nyumba ya pili inalipuka: "Gooooo!"

Kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Watu wote sebuleni wanageuka kumwangalia mwenye TV. Hakuna atakayesema kitu, lakini kila mmoja ameshajua kinachokuja. Goli unalisubiri kama abiria anayesubiri basi ambalo wenzake wameshashuka.

Uchungu wake si mdogo, maana hela ya TV ile haikuokotwa. Kwa wengi imetoka kwenye upatu au kikoba, zamu ambayo inazunguka mwaka mzima mpaka ikufikie. Mama watoto alishapiga hesabu ya ada na mabati, akakubali kwa shingo upande. Halafu siku yenyewe ya kazi, jirani mwenye TV ya inchi 32 na antena ya kawaida anashangilia kabla yako.

Kosa hapo si la TV. Kosa ni la usajili. Mashabiki wengi wanapojiandaa na mashindano makubwa wanafanya kile ambacho huwa wanawalaumu viongozi wa klabu zao kukifanya: hela yote inaishia kwa straika mwenye jina, kikosi kinaingia uwanjani hakina kipa, hakina beki, na kiungo ni wa kuokoteza.

RATIBA INAKULAZIMISHA NYUMBANI

Safari hii suala la TV ya nyumbani lina uzito wake. Fainali hizi zina timu 48 badala ya 32 na mechi 104 badala ya 64, zikichezwa Marekani, Mexico na Kanada kuanzia Juni 11 hadi Julai 19.

Tatizo ni saa. Dar es Salaam iko mbele ya New York kwa saa saba na mbele ya Los Angeles kwa saa 10 kipindi hicho. Maana yake mechi itakayoanza saa 12:00 jioni kule Los Angeles, huku ni saa 10:00 alfajiri. Fainali yenyewe, New Jersey, itapigwa saa 4:00 usiku wa kwetu.

Kibanda umiza kimelea mashabiki wengi nchi hii na kitaendelea kuwalea. Lakini kutoka nyumbani saa 9:30 usiku kwenda kusimama kwenye benchi la mbao, kisha urudi kwa miguu na uamkie kazini, si jambo la kila mtu. Ndio maana kila mashindano yanapokaribia, maduka ya Kariakoo yanachangamka na bodaboda zinaonekana zimebeba maboksi marefu kuliko dereva.

Mwakani itakuwa zaidi, maana AFCON 2027 inakuja hapa hapa Tanzania, Kenya na Uganda. Siti za uwanjani hazitatosha kila mtu. Wengi wataangalia kwenye kioo. Kwa hiyo mzigo unaonunuliwa sasa si wa mwezi mmoja.

DUKANI TV ZOTE NI MBAPPE

Ingia duka lolote la TV. Kwenye ukuta kuna TV 20, zote zinaonyesha samaki wa rangi, maua na majengo ya usiku. Muuzaji anakupokea vizuri: "Karibu bosi, hiki kitu ni 4K, kimeingia jana." Ukiangalia rangi zile unajiona umeshaingia Azteca.

Kuna mambo mawili ambayo hutaambiwa. La kwanza, video ile imetengenezwa makusudi kwa ajili ya kuuzia. Samaki wanaogelea polepole, hakuna kinachokimbia. La pili, TV za dukani huwekwa kwenye mtindo wa picha wenye mwanga na rangi za juu kabisa, ili zishindane na taa za duka. Ukiipeleka sebuleni ikiwa vile vile, nyasi zinakuwa za kijani cha soda na jezi nyekundu inavuja nje ya mchezaji.

Mpira una mtihani wake. Muombe muuzaji afungue mechi, hata iwe video ya dakika mbili kwenye flashi yako au mtandaoni. Kisha angalia vitu vitatu.

Kwanza, nyasi. Kamera inapofuata mpira kutoka winga moja kwenda nyingine, tazama kijani chote. Kama unaona madoa ya giza au mistari iliyosimama inayobaki pale pale wakati picha inasogea, hiyo ni kasoro ya kioo chenyewe. Kwenye tamthilia huwezi kuiona. Kwenye mpira, ambako robo tatu ya picha ni nyasi, itakukera dakika zote 90.

Pili, mpira wenyewe. Pasi ndefu ikipigwa, je, mpira unabaki mviringo au unavuta mkia? TV nyingi za bei ya chini zina kioo kinachojichora upya mara 50 au 60 kwa sekunde. Za juu zaidi hufika 100 au 120, na huko mwendo unakuwa msafi. Kuwa makini na boksi, maana kampuni huandika namba kubwa ya "motion" ambayo ni jina la biashara, si kasi ya kioo. Uliza: kioo chenyewe ni hezi ngapi? Muuzaji akibabaika, tafuta namba ya modeli kwenye simu yako usome sifa zake hapo hapo.

Tatu, pembeni. Usisimame mbele tu. Sogea mpaka ukutani, halafu chuchumaa. Kuna vioo ambavyo ukikaa pembeni rangi inafifia kama nguo iliyofuliwa sana. Kwa mtu anayeangalia peke yake si shida. Kwa sebule ambayo siku ya mechi watu wanakaa mpaka mlangoni na watoto wako chini kwenye busati, ni shida kubwa.

Ukiridhika, dai risiti ya EFD na karatasi ya waranti yenye namba ya TV hiyo hiyo. Na iwashwe kabla haijatoka dukani. TV iliyopasuka kioo ndani ya boksi, baada ya kuvuka mlango, ni neno lako dhidi ya lao.

INCHI ZIPIMWE NA KOCHI

Inchi za TV zinapimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Inchi 55 ni sentimita 140 za mshazari, na upana wake ni kama sentimita 122. Pima kabati lako kabla ya kwenda Kariakoo, si baada.

Kuna hesabu nyepesi inayotumiwa na mafundi wa vyumba vya sinema: umbali wa macho mpaka kwenye kioo uwe kama mara 1.6 ya mshazari. Kwa inchi 43 hiyo ni kama mita 1.7. Inchi 55 ni mita 2.2. Inchi 65 ni mita 2.6.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kuwa picha inayoingia ni safi. Kama chaneli unayolipia inakuja kwa ubora wa kawaida, TV kubwa uliyoisogelea inakuza na makosa yote. Wachezaji wanakuwa na vumbi pembeni, namba mgongoni haisomeki. Kwa chumba cha kupanga cha mita tatu kwa tatu, chenye kitanda na kochi moja, inchi 43 nzuri itakupa mpira mtamu kuliko inchi 65 ya kubahatisha. Hela inayobaki ina kazi nyingine, na kazi hizo ndizo watu wanazisahau.

WAYA TATU ZINAZOUA MECHI

Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote, kwa sababu dawa yake ni ya bei ndogo.

Mtu ananunua TV ya 4K, anafika nyumbani, anachomoa zile waya tatu za zamani, nyekundu, nyeupe na njano, kutoka kwenye TV ya mgongo, anazichomeka kwenye mpya. Picha inakuja, watu wanashangilia, mchezo umeishia hapo.

Ule waya wa njano uliundwa enzi za TV za mgongo. Kinachopita pale ni picha ya mistari 576, ambayo ukiigawa ni kama nukta laki nne. Full HD ina nukta milioni mbili. TV ya 4K ina nukta milioni 8.3 za kujaza. Kwa hiyo kila nukta moja inayoingia, TV inalazimika kubuni zaidi ya nyingine 18 ili kioo kijae. Umenunua straika wa mabilioni, halafu unampelekea krosi moja kwa mechi.

Dawa ni waya wa HDMI kutoka kwenye king'amuzi mpaka kwenye TV. Kwa urefu wa mita moja na nusu au mbili, waya wa kawaida uliotengenezwa vizuri unatosha. Huna haja ya ule uliopakwa rangi ya dhahabu na kuuzwa bei ya dishi.

Ukishachomeka, usikae. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha au video, uhakikishe kinatoa 1080, na upande wa hezi kiwe 50. Matangazo ya televisheni ya ukanda wetu yamejengwa juu ya 50. King'amuzi kikilazimishwa kutoa 60, kamera inapozunguka na mpira unaona mtetemo mdogo, kama mchezaji anaruka hatua. Mwisho, hakikisha unaangalia chaneli ya HD na si ndugu yake wa kawaida. Kuna watu wanalipia zote mbili na kila siku wanafungua ile mbaya kwa sababu ndiyo namba waliyoizoea.

RIMOTI INA KAZI YAKE

Baada ya hapo shika rimoti ya TV. Toa mtindo wa dukani, ule wa rangi kali. Hata mtindo ulioandikwa "Sports" kwenye TV nyingi si rafiki wa mpira, maana unapandisha rangi na ukali wa picha kupita kiasi. Anza na wa kawaida, au ule wa sinema, halafu ongeza mwanga kidogo kama chumba chako kina jua.

Shusha ukali wa picha, ile sehemu iliyoandikwa "sharpness". Ukiupandisha, kila mchezaji anapata mstari mweupe kumzunguka mwili. Kisha tafuta kinacholainisha mwendo. Kwenye mpira kikiwa chini au katikati kinasaidia. Kikiwa juu kabisa, TV inaanza kubuni picha ambazo hazipo, na shuti kali linaweza kuonekana lina mipira miwili.

Kama pembe za picha zimekatwa na ubao wa matokeo hauonekani vizuri, tatizo ni TV inakuza picha bila kuombwa. Tafuta sehemu ya ukubwa wa picha, chagua ile inayoonyesha picha nzima kama ilivyotumwa.

GOLI LINACHELEWA WAPI?

Turudi kwa jirani aliyeshangilia mapema.

Wengi wanadhani lawama ni ya setilaiti, kwa sababu iko mbali. Kweli iko mbali, kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Lakini mawimbi yanakwenda na kurudi, kilomita 72,000, kwa takribani robo ya sekunde tu. Hiyo huwezi kuihisi.

Kinachochelewesha ni kazi ya kuibana picha kabla haijatumwa na kuifungua ikifika. Kwa dishi na antena, hiyo huwa sekunde chache. Kwa intaneti ni hadithi nyingine. Mechi inakatwa vipande vipande, kila kipande kinahifadhiwa, halafu simu au TV yako inakusanya kadhaa kama akiba kabla ya kuanza kuonyesha ili isikwame. Ukijumlisha, unaweza kuwa nyuma kwa nusu dakika na zaidi. Kwenye nusu dakika penalti inapigwa, inaingia na mtu anavua jezi.

Kwa hiyo kama mtaa wako una kelele na unataka kushangilia na wenzako, dishi au antena ndiyo namba moja. Intaneti iwe mchezaji wa akiba, na akiba ya gharama: picha ya HD ya megabiti 5 kwa sekunde, kwa saa mbili za mechi, inakula kama GB 4.5. Mechi 10 ni GB 45. Piga hesabu ya bando lako.

Wenye dishi wana kazi moja ya kufanya kabla ya Juni. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi. Kuna vipimo viwili, nguvu na ubora. Wengi wanaangalia nguvu. Cha muhimu ni ubora. Kama unapanda na kushuka, dishi limesogea, waya umeota kutu kwenye kiungio, au ule mwembe wa jirani umekua ukaziba njia. Mlingoti unaotikisika ukiushika kwa mkono utatikisika na upepo dakika ya 89.

SAUTI: KUMBUKA VUVUZELA

Nani amesahau 2010? Mechi ya ufunguzi ilikuwa hawa hawa, Afrika Kusini na Mexico, Johannesburg, sare ya 1-1, Siphiwe Tshabalala akifungua ukurasa kwa guu la kushoto. Na nyuma ya kila kitu, vuvuzela.

Vuvuzela lilitoa somo ambalo wauza spika hawalisemi. Mlio wake unakaa karibu na hezi 233, na mwangwi wake mkubwa unarudi kwenye 466, eneo ambalo sauti ya binadamu inaishi. Ndio maana lilimfunika mtangazaji, na ndio maana watu duniani kote walihangaika kupunguza sauti za eneo hilo kwenye redio na kompyuta zao. Mpira unasikilizwa katikati, pale anapoongea mtangazaji na wanapoimba mashabiki. Hausikilizwi kwenye besi.

Sasa nenda dukani. Sabufa inauzwa kwa kishindo. Muuzaji anaweka singeli, meza inatikisika, hela inatoka. Nyumbani, mtangazaji anaongea kama yuko ndani ya pipa.

TV za siku hizi ni nyembamba, spika zake ndogo na nyingi zimeelekezwa chini au nyuma. Kwa hiyo msaada unahitajika, lakini uchaguliwe kwa ajili ya sauti ya mtu. Kwa chumba kidogo, saundiba moja chini ya TV inatosha. Ichomeke kwenye tundu la HDMI lililoandikwa ARC. Njia hiyo ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 na inarudisha sauti kutoka TV kwenda kwenye spika kwa waya ule ule, ukatumia rimoti moja.

Kwa sebule kubwa na aliyejipanga, kuna ile seti ya spika tano na sabufa ambayo mtaani inaitwa hom thieta. Hapo mpangilio ndio kila kitu. Spika ya katikati ndiyo mtangazaji: ikae chini au juu ya TV, ielekezwe usoni, isifungiwe ndani ya kabati. Mbili za mbele zikae kushoto na kulia kwa umbali sawa kutoka kwenye kochi. Mbili za nyuma ndizo jukwaa: zikae pembeni na nyuma kidogo ya wakaaji, juu kidogo ya masikio. Kinachoonekana kwenye nyumba nyingi ni spika zote tano zimepangwa juu ya kabati moja kama vikombe. Hiyo ni sawa na kuwapanga mabeki, viungo na straika wote kwenye mstari wa goli.

Usiku wa manane, toa sabufa kwenye kona. Kona inakuza besi, na besi haizuiliwi na ukuta wa tofali. Jirani hatasikia mtangazaji anasema nini, atasikia kitanda chake kinatetemeka. TV na spika nyingi zina mpangilio wa usiku unaopunguza makelele ya ghafla na kuacha maneno yasikike. Uutumie, na kesho mtasalimiana.

Ukiona sauti ya mchambuzi inatangulia mdomo, au filimbi inasikika kabla ya rafu, kuna sehemu ya kuchelewesha sauti kwenye TV au saundiba. Isogeze kidogo kidogo. Zulia, mapazia mazito na makochi ya kitambaa vinapunguza mwangwi bila kununua kifaa chochote.

HUYU SASA NDIYE KIPA

Vyote hivyo vinaweza kufa kwa sekunde moja. Umeme wetu ni wa volti 230 kwenye karatasi. Mtaani unashuka, unapanda, unakatika, na unaporudi unaweza kurudi na kishindo. TV nyingi haziharibiki umeme ukiwa umekatika. Zinaharibika umeme ukirudi.

Kipa ni stabilaiza. Kazi yake ni kusawazisha volti na kukata pale zinapozidi. TV ya inchi 55 hutumia wati 100 mpaka 150 hivi, king'amuzi wati 15, saundiba kama 25. Stabilaiza ya VA 1,000 inatosha na nafasi inabaki, ili mradi usiifunge pamoja na friji. Friji linapowaka linavuta umeme mwingi kwa ghafla. Mpe kipa wake.

Chagua yenye kuchelewesha, inayosubiri dakika kadhaa baada ya umeme kurudi ndipo iruhusu TV iwake. Ndiyo, utakosa dakika tatu za mechi. Bora dakika tatu kuliko kioo. Ekstensheni ya bei ya chupa ya maji, iliyobeba TV, king'amuzi, sabufa, feni na pasi kwa wakati mmoja, haiwi kipa hata siku moja. Hiyo ni penalti unayojipigia mwenyewe, na mara nyingine ni moto.

Anayetaka uhakika zaidi anaweza kuweka betri na inveta. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu ili isife mapema unapata 600. TV ya inchi 43, king'amuzi na saundiba kwa pamoja ni kama wati 130. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, unapata kama saa nne. Mechi mbili giza likiwa mtaa mzima, sebule yako ndiyo inayowaka.

UKUTANI AU KABATINI

Kabla ya kutoboa ukuta, gonga. Tofali la saruji linabeba, jipsamu peke yake haibebi. Nyuma ya TV kuna matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa vipimo maalumu, kwa mfano milimita 200 kwa 200 au 400 kwa 400. Breketi ilingane na hayo na na uzito wa TV.

Urefu usifuate picha za mtandaoni. Katikati ya kioo iwe karibu na usawa wa macho ya aliyekaa. TV iliyopandishwa karibu na dari inakupa shingo ya mtu aliyekaa siti ya mbele kabisa sinema. Na kama inakaa kabatini, ifungwe nyuma kwa mkanda au skrubu. TV ya inchi 55 ikimwangukia mtoto aliyeparamia kabati, hakuna mechi inayofidia.

WENYE NDOTO ZA PROJEKTA

Projekta inavutia. Ukuta mzima unakuwa uwanja, na kwa mwenye kibanda ni biashara. Lakini hapa ndipo watu wengi wanapoingia mkenge.

Boksi linaandika "1080p supported". Maana yake projekta inakubali kupokea picha hiyo, si kwamba inaionyesha. Ndani kioo chake kinaweza kuwa cha nukta 800 kwa 480. Neno la kuuliza ni "native", yaani ubora wake wa kuzaliwa. Mwanga nao usomwe kwa lumeni za ANSI. Zile namba za maelfu bila neno hilo ni za kupamba boksi. Kwa mechi za usiku kwenye chumba chenye giza, projekta ya kawaida ya ANSI inafanya kazi. Kwa mechi za mchana kwenye banda la mabati lenye matundu, hata lumeni 3,000 zitapigana na jua, na jua lina kikosi kipana.

CHEZA MECHI YA KIRAFIKI

Hakuna kocha anayeingia fainali bila kujipima. Usiache Juni 11 iwe mara ya kwanza kuwasha. Chagua mechi ya ligi, ita watu wale wale watakaokuja, kaa pale watakapokaa. Angalia nani haoni, nani analalamika mwanga wa dirisha unagonga kioo, waya upi unakanyagwa. Zima swichi kubwa uone stabilaiza inafanya nini. Sikiliza mtaa unashangilia lini na wewe unashangilia lini.

Ukibaini uko nyuma kwa nusu dakika, una muda wa kuita fundi wa dishi. Ukibaini waya wa njano bado umo, unao muda wa kwenda dukani kununua HDMI. Mwenye inchi 32 aliyefanya haya yote atakula mpira vizuri kuliko mwenye inchi 65 aliyelipa hela yote kwa straika.

Saa 4:00 usiku ikifika Azteca, filimbi ni moja kwa wote. Mtaa ukilipuka, na kwako mpira uwe umeshagusa nyavu.